Walanguzi wa plagi za bandia wasiachiwe wachome betri zetu

Hapana mtu anayepita Tunduma asiyaone malori ya shaba. Yanatoka Zambia na Kongo yakiwa yamepakia vibamba vyekundu vilivyofungwa kwa mikanda, yanapanga foleni mpakani, kisha yanashika njia ya Mbeya, Iringa na Morogoro hadi bandari ya Dar es Salaam. Reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1975 na ambayo stesheni yake moja iko hapo hapo Tunduma, ilijengwa kwa ajili ya shaba hiyo hiyo. Basi ni jambo la kusikitisha, na kwa kweli ni la aibu, kwamba katika mkoa ambamo shaba ya dunia inapita usiku na mchana, kijana wa bodaboda akihitaji plagi ya kuunganishia betri ya pikipiki ya umeme yumo katika hatari ya kuuziwa kipande cha chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu.

Siku hizi kila penye kijiwe cha bodaboda yanazungumzwa mambo ya pikipiki na skuta za umeme. Zimeanza kuzoeleka Dar es Salaam. Nairobi na Kigali zimekwisha kuwa kitu cha kawaida. Na serikali ya Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme tu. Hapana shaka kwamba zitafika pia katika vijiji vya Songwe, kama zilivyofika pikipiki za petroli na paneli za jua. Lakini mazungumzo yote ni ya betri: inakwenda kilomita ngapi, inajaa kwa saa ngapi, inauzwa shilingi ngapi. Ni nadra sana kumsikia mtu akiuliza habari za ile plagi ya njano au ya kijivu inayoiunganisha betri na mota. Na hapo ndipo mlanguzi anapojificha, maana penye macho ya watu wengi mwizi hakai.

Tuchukue mfano wa Ivuna, katika wilaya ya Momba. Ivuna ipo katika bonde la Ziwa Rukwa, mahali penye joto kali, vumbi jingi na chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapo katika miaka ya 1960 walikuta kwamba watu walikuwa wakipika chumvi ya chemchemi zake tangu karibu karne ya 13. (Wasomi wa nchi za nje wanaijua Ivuna kwa sababu nyingine: kimondo kilichoanguka hapo tarehe 16 Desemba 1938, ambacho vipande vyake vinapimwa kwa gramu katika maabara zao. Laiti plagi zinazoingia nchini zingepimwa kwa uangalifu huo!) Mtu anayetoka Ivuna kwenda Tunduma hana budi kuliacha bonde na kupanda hadi nyanda za juu. Kwa hiyo joto la hewa, chumvi, vumbi na mlima vinakutana mahali pamoja. Plagi itakayoishi Ivuna itaishi popote Tanzania, na ile iliyotengenezwa kwa hila itakufa Ivuna mapema kuliko popote.

Yafaa ieleweke wazi jinsi plagi inavyokufa, kwa sababu mlanguzi ananeemeka kwa kutojua kwetu. Umeme ukipita katika kitu chochote chenye ukinzani huacha joto. Mwaka 1841 Mwingereza James Prescott Joule alitangaza kanuni ambayo haijatenguliwa hadi leo: joto hilo ni mkondo kuzidishwa kwa mkondo wenyewe, kisha kuzidishwa kwa ukinzani. Maana yake ni kwamba mkondo ukiongezeka mara tatu, joto haliongezeki mara tatu bali mara tisa.

Sasa tuitie kanuni hiyo barabarani. Skuta ya volti 60 ikienda kwenye tambarare, dereva na abiria wake wakiwa juu, hutumia kama wati 800, yaani ampea 13. Skuta hiyo hiyo ikianza kupanda mlima inaweza kudai wati 2,400, yaani ampea 40. Plagi nzuri, pande zake za chanya na hasi zikijumlishwa, ina ukinzani wa kama milioomu 1, yaani sehemu moja ya elfu ya oomu. Katika ampea 40 itatoa joto la wati 1.6 tu, na mtu ataishika mkononi bila wasiwasi. Plagi mbovu iliyolegea, ambayo ukinzani wake umefika milioomu 20, itatoa wati 32 katika mlima ule ule.

Wati 32 ni kitu gani? Mwulize fundi redio yeyote. Chuma chake cha kulehemu huwa cha wati 30 au 40, na kwa nguvu hiyo anayeyusha risasi ambayo haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 183. Basi mtu anayemwuzia mwendesha bodaboda plagi ya namna hiyo amemwuzia chuma cha kulehemu, akakifunga chini ya kiti, kando ya betri, katikati ya miguu ya abiria. Hilo ni tendo la hatari kwa roho za watu, na haifai liitwe kwa jina la upole.

Tena angalia ujanja uliomo. Muuzaji akikupa skuta uijaribu, utaijaribu mbele ya duka lake, kwenye lami iliyonyooka. Hapo mkondo ni ampea 13, na plagi ile mbovu itatoa wati 3 na kitu. Utaigusa na kuiona ya uvuguvugu. Utalipa fedha zako na kuondoka ukifurahi. Mlima utakuambia ukweli ukiwa umekwisha kuwa mbali na duka.

Wapo watakaotucheka. Watasema: wati 32 katika 2,400 ni kiasi kidogo mno, haifiki hata asilimia moja na nusu, mbona mnapiga kelele kwa ajili ya senti? Hesabu yao ni sahihi, lakini wanaitumia vibaya. Ni kweli kwamba plagi mbovu haitampunguzia dereva kilomita nyingi. Lakini joto la mota linatawanyika katika chuma kizito chenye mapezi ya kupozea, ilhali joto la plagi linabanwa katika kitu cha ukubwa wa kidole gumba, kilichozungukwa na plastiki na kufunikwa na kiti, katika bonde ambalo hewa yenyewe ni ya moto. Haliwezi kutoka. Kadiri metali inavyopata joto, ukinzani wake unapanda. Springi inayobana inalegea. Uso wa metali unaingia kutu. Na kila moja ya hayo inaongeza joto zaidi. Maradhi hayo yanajilisha yenyewe. Plastiki inalainika, chanya na hasi zinakaribiana, na kitakachofuata si hasara ya asilimia moja na nusu tena, ni moto. Na betri nyingine huchajiwa usiku, ndani ya nyumba walimolala watoto.

Pamoja na hayo, wenye kudai kwamba hasara ni ndogo wanasahau waya. Plagi haiji peke yake. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita mbili kwenda na kurudi, una ukinzani wa kama milioomu 14. Kwa ampea 40 unakula wati 22. Waya wa milimita 10 za mraba wa urefu huo huo unakula chini ya wati 6. Na kuna waya wa aluminiamu uliovishwa ngozi nyembamba ya shaba, ambao machoni ni sawa na wa shaba kabisa, mpaka uukwangue kwa kisu uone weupe ndani. Huo nao unauzwa kwa jina la shaba. Mlanguzi hana aibu: anaiba ndani ya plagi, na anaiba ndani ya waya.

Tuje kwenye namba, maana hapa ndipo wengi wanaponaswa hata bila ya bandia. Plagi maarufu za njano zinazotengenezwa na kampuni ya Amass ya China zinaitwa XT60 na XT90. Mwananchi wa kawaida anaposoma 60 anafahamu kwamba plagi hiyo ni ya ampea 60. Sivyo. Namba hiyo ni ya kishindo cha muda mfupi. Kwa mkondo wa mfululizo, XT60 imekadiriwa ampea 30, na XT90 kiasi cha ampea 40 hivi. Kwa hiyo skuta yetu inayovuta ampea 40 mlimani, na mlima wa kutoka bonde la Rukwa hauishi kwa dakika moja, haistahili kabisa kufungwa XT60, hata ikiwa XT60 hiyo ni halali na imetoka kiwandani jana. Na hata XT90 itakuwa imefika ukingoni mwake bila akiba. Aina nyingine, SB50 ya kampuni ya Anderson ya Marekani, imekadiriwa ampea 50 ikifungwa waya mnene unaoistahili. Ndani yake mna vibamba vya shaba vilivyovishwa fedha, ambavyo springi huvisukuma vigandamane, na pande zake mbili zinafanana kiasi kwamba hakuna dume wala jike. Ni kubwa, ni zito, halipendezi macho. Mimi ningelichagua hilo kwa Ivuna bila kusita. Uzuri wa plagi hauendeshi pikipiki.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi ni volti. Kazi ile ile ya wati 2,400 ikifanywa na betri ya volti 48 inahitaji ampea 50, na plagi yetu mbovu ya milioomu 20 itatoa wati 50. Ikifanywa na betri ya volti 72, inahitaji ampea 33, na joto linashuka hadi wati 22. Kwa hiyo anayeleta skuta za volti 48 katika nchi ya milima kwa sababu zilikuwa rahisi huko alikozinunua, amehamisha gharama kutoka mfukoni mwake kuiingiza katika plagi ya mnunuzi. Bila shaka volti 72 zinadai heshima zaidi, kwa kuwa betri hiyo ikijaa hufika zaidi ya volti 80 na mikono mitupu isiikaribie. Lakini hatari inayojulikana na kufunikwa vizuri ni afadhali kuliko ile iliyofichwa.

Bandia inatambulikaje? Kwanza, kwa sumaku. Shaba haivutwi na sumaku, wala shaba ya manjano haivutwi. Kipande cha sumaku cha spika mbovu kinatosha: ukikisogeza kwenye vijiti vya plagi na kikanata, ndani mna chuma, na rangi ya dhahabu iliyo juu ni vazi la mwongo. Chuma hakipitishi umeme hata kwa moja ya tano ya shaba. Sumaku inanata kwenye Kimondo cha Mbozi, nacho ni fahari ya mkoa wetu. Ikinata kwenye plagi, irudishe. Pili, kwa mkono. Nyuso mbili za metali zikigusana hazigusani zote. Zinagusana kwa vilele vichache vidogo, na ni mgandamizo wa springi unaoviongeza. Kwa hiyo plagi inayoingia na kutoka kwa ulaini, kama kisu katika siagi, si plagi nzuri hata kidogo. Iliyo nzuri inashindana nawe.

Halafu kuna chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na unyevu wa chumvi hula metali. Dereva akipakia kiroba cha chumvi ya Ivuna nyuma ya kiti, punje zitakazomwagika zitatafuta njia ya kuingia kwenye plagi iliyo wazi. Baada ya miezi michache utaiona kutu ya kijani, na ukinzani uliokuwa milioomu 1 utakuwa umepanda mara nyingi. Plagi isiyo na mfuniko wa mpira isiuzwe katika bonde la Rukwa, wala Kilwa, wala Pemba. Mfuniko huo ni kipande cha mpira tu, haumfilisi mtu.

Na kuna cheche. Ndani ya kidhibiti cha mota mna kapasita ambazo, betri inapounganishwa, hujaa kwa ghafla, na ndiyo maana husikika mlio wa "tap!" na mwanga mweupe unaonekana. Kila cheche inang'oa kidogo ngozi ya dhahabu au ya fedha na kuacha kovu jeusi. Dereva anayebadilisha betri mara tatu kwa siku amezipiga cheche zaidi ya elfu moja kwa mwaka. Dawa yake ipo na ni ya kale katika ufundi wa umeme: kikinzani kidogo kinachogusa kwanza, kikazijaza kapasita taratibu, ndipo vijiti vikubwa vikutane. Plagi ya XT90-S inacho ndani yake. Asiyeitaka hiyo aweke swichi ya kujazia taratibu. Lakini kumwuzia mtu pikipiki ya kubadilisha betri kila siku na kumwachia cheche elfu ni kumwuzia plagi itakayokufa kwa mpango.

Lawama zote hizi huwa zinamwangukia fundi wa kijijini. Plagi ikiungua, mwenye duka anasema: fundi wako hajui kulehemu. Mara nyingine ni kweli. Waya mnene unataka chuma cha kulehemu chenye nguvu, na fundi mwenye kile cha wati 40 hataweza kuupasha joto upenye. Risasi itakaa juu juu kama uji uliopoa, na kiungo hicho kitakuwa na ukinzani wake chenyewe. Wengine hutumia asidi ya mafundi bati, ambayo inaendelea kuila shaba miezi baada ya kazi kwisha. Lakini je, ni nani aliyempa fundi huyo koleo halisi la kubania vichwa vya waya? Ni nani aliyemwonyesha? VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 ili kuwapa vijana ufundi. Somo la kubana waya mnene kwa koleo la kufaa ni la siku moja. Lipelekwe kwenye karakana za Tunduma, Vwawa na Momba. Kumlaumu asiyefundishwa ni kazi rahisi ya wavivu.

Liko jambo moja kubwa zaidi ya hayo yote. Kila kampuni inayoleta pikipiki za umeme inapenda kuleta plagi ya umbo lake, na yenye umbo lake ndiyo yenye betri yake, na yenye betri yake ndiyo yenye kumfunga dereva maisha yake yote. Plagi yake ikifa Ivuna, hapati nyingine mpaka iagizwe mbali, kwa bei wanayotaka wao. Au anakata waya na kufunga ya bandia, na hapo ndipo moto unapoanza. Huu ni unyonyaji, nao unamfungulia mlango mlanguzi.

Nchi hii inayajua madhara ya vipimo visivyopatana. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na waliojenga walikuwa na sababu ya haki: iungane na reli ya Zambia. Lakini reli hizo mbili zinapokutana Kidatu, behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine, na mizigo haina budi kuhamishwa. Milimita 67! Je, tunataka kuwa na Kidatu ndogo katika kila kijiji, betri kumi na plagi za maumbo kumi? Wengine wamekwisha kuamka. Nchi za Umoja wa Ulaya zimelazimisha plagi ya aina moja ya kuchajia simu tangu Desemba 2024. India, ambako zinatoka pikipiki nyingi tunazozipanda, ilipitisha mwaka 2023 kiwango chake cha plagi ya kuchajia vyombo vidogo vya umeme. Kama India imeweza kuwaambia wenye viwanda wake wakubaliane, hapana sababu ya sisi wanunuzi kushindwa kuwaambia wauzaji wetu.

Kwa hiyo tunadai mambo haya, na tunayadai sasa kabla soko halijajaa. Shirika la Viwango Tanzania lichague umbo moja la plagi ya betri kwa pikipiki na skuta zote za kubeba abiria, la ampea zisizopungua 50 mfululizo, lenye mfuniko wa mpira na lenye kinga ya cheche. Namba itakayopigwa chapa juu ya plagi iwe ya mkondo wa mfululizo, wala isiwe ya kishindo. Kiwango hicho kibandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya forodha Tunduma na kwenye maduka ya vipuri. Kiwango kisichofika dukani Ivuna hakijamfikia mwananchi. Maofisa wa mpakani wapewe sumaku, ambayo haigharimu kitu, na waitumie kwenye kila kasha. Anayekutwa na plagi za chuma zilizopakwa dhahabu asitozwe faini ya kumchekesha; anyang'anywe mzigo wote na uharibiwe hadharani.

Na madereva nao wasikae wakingoja ofisi. Fundi aifunge mita yake kwa waya mrefu kwenye pande mbili za plagi, kwanza chanya, kisha hasi, na mwendeshaji apande mlima akiwa na abiria. Plagi nzima ikipoteza zaidi ya nusu volti katika ampea 40, imekwisha kuoza, hata kama jana ilikuwa ndani ya karatasi yake. Irudishwe dukani siku hiyo hiyo, na mwenye duka aipokee na kurudisha fedha.